Kazi ya Tope Jeusi

Katika maabara ya majitaka kuna chupa nene ya kioo, yenye ujazo wa mililita 300, ambayo kauli yake huogopwa viwandani kuliko ya mkaguzi. Mtaalamu huijaza sampuli iliyochanganywa na maji safi yenye hewa ya kutosha, hupima oksijeni iliyomo, huifunga kwa kizibo cha kioo pasibaki hata povu moja, kisha huiweka kwenye kabati lenye giza na joto la nyuzi 20. Siku ya tano huifungua na kupima tena. Oksijeni iliyopungua ndiyo iliyotumiwa na bakteria walipokuwa wakila uchafu. Kipimo hicho kinaitwa BOD, na aliyekipa uzito ni Tume ya Kifalme ya Uingereza iliyochunguza majitaka, ambayo ripoti yake ya nane, ya mwaka 1912, ilipendekeza ukomo wa miligramu 20 kwa lita. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka 30. Zaidi ya karne moja sasa mito inalindwa kwa swali lile lile: maji haya yanadai oksijeni kiasi gani?

Swali hilo linafaa sana kwa kinyesi, damu ya machinjio, molasi na maganda ya kahawa. Mto unaomwagiwa vitu hivyo huishiwa hewa na samaki hufa, na chupa inaliona hilo mapema. Lakini tia ndani yake tetrakloroethileni, kile kimiminika kisicho na rangi ambacho drai klina hutolea mafuta kwenye suti na mafundi huoshea vyuma vyenye grisi, chupa itanyamaza. Gramu moja ya glukosi inahitaji gramu 1.07 za oksijeni ili iishe kabisa. Gramu moja ya tetrakloroethileni, hata ingewezekana kuichoma yote, ingehitaji gramu 0.19 tu, na bakteria wa ile chupa hawawezi hata kuianza. Klorini imekwisha kuifanyia kaboni sehemu kubwa ya yale ambayo oksijeni ingeifanyia: imeinyang'anya elektroni zake. Kwa lugha ya jikoni, hizi ni kuni zilizokwisha kuungua. Ukali wa jivu haupimwi kwa kuuliza lina moto kiasi gani.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ulinzi wa maji yetu tumeukabidhi kwa kipimo cha hewa, ilhali sumu za aina hii hazionekani kwa kipimo hicho, na viumbe wanaoziweza wanaishi mahali ambapo hewa haifiki, ndani ya tope jeusi. Tumejenga tayari mahali pao pa kuishi, katika miji yetu mingi, bila kujua tulichokijenga. Hatujawauliza wanafanya nini humo.

Tuanze na klorini yenyewe, maana jina lake limechafuka kupita haki. Imo kwenye chumvi ya mezani, katika hali tulivu isiyomdhuru mtu, na bahari nzima imejaa hali hiyo. Klorini ya kutibia maji ya bomba imewaokoa watoto wengi na kipindupindu. Balaa huanza pale klorini inapofungwa kwenye kaboni. Wenye viwanda walikitaka kifungo hicho kwa makusudi, kwa sababu kinakifanya kitu kisishike moto, kisioze, kiyeyushe mafuta, kidumu ndani ya transfoma au kwenye nguzo ya mbao miaka na miaka. Sifa hizo hizo zikiingia mtoni zinageuka hatia. Kisichooza kwenye nguzo hakiozi mtoni, na kinachopenda mafuta hujikusanya kwenye mafuta ya samaki na hatimaye kwenye maziwa ya mama. Kwa hiyo kutibu majitaka ya namna hii ni kukata kile kifungo, klorini irudi kuwa kama ile ya kwenye chumvi. Kila kinachofuata ni habari ya nani anaweza kukikata, na kwa malipo gani.

Mtambo wa kawaida wa majitaka hupuliza hewa. Mapovu hupanda kutoka chini ya tangi, bakteria hunawiri, uchafu wa kawaida huisha kwa saa chache. Tetrakloroethileni ikiingia kwenye tangi hilo haikutani na bakteria yeyote anayeweza kuishi kwayo kwa kutumia oksijeni. Lakini ni kimiminika chepesi kugeuka mvuke, basi kila povu linalopita hubeba kidogo. Maji ya upande wa kutokea yakipimwa yanaonekana yamesafika. Hakuna kilichosafishwa: sumu imehama kutoka majini na kuingia kwenye hewa anayoivuta fundi aliyesimama kwenye daraja la tangi. Zile nzito zaidi zisizoruka, kama PCB, yale mafuta yenye klorini ya ndani ya transfoma, hunata kwenye tope, na tope likikaushwa na kupelekwa shambani kama mbolea zinasafiri nalo. Jambo hili linanisikitisha kuliko mengine yote katika habari hii, kwa sababu karatasi za mtambo huo hazina kosa. Kila namba iko ndani ya kanuni.

Ili kuelewa tope linafanya nini tofauti, inabidi tuache kwanza kufikiri kwamba bakteria anakula sumu. Anaivuta kama pumzi. Kiumbe yeyote anayekula hutwikwa elektroni kutoka kwenye chakula, mithili ya hamali bandarini, na hawezi kutwikwa mzigo mwingine mpaka autue ule wa kwanza. Sisi tunautua kwenye oksijeni. Ndiyo maana ya kupumua. Mahali pasipo na oksijeni bakteria wengine huutua kwenye naitreti, wengine kwenye kutu ya chuma, wengine kwenye salfeti na kutoa ile harufu ya mayai viza, na wa mwisho kabisa huutua kwenye kaboni dioksidi na kutoa gesi ya methani. Kila ngazi inalipa kidogo kuliko iliyotangulia. Katika mfululizo huo wa ngazi, kifungo cha klorini na kaboni kinakaa pazuri: malipo yake yanakaribia yale ya naitreti, na yanazidi kwa mbali ya salfeti na methani. Zile kuni zilizokwisha kuungua, ambazo hazifai kwa anayetafuta moto, ndizo mahali pazuri pa kutulia mzigo. Hamali akitua elektroni mbili, atomu moja ya klorini inang'oka na hidrojeni inashika nafasi yake.

Mtu anaweza kuuliza bakteria walijifunzia wapi kazi hii, ilhali viwanda vya kufunga klorini kwenye kaboni havijatimiza hata karne mbili. Walijifunza kwa maumbile. Mwani, sifongo, kuvu na udongo wa misitu hutengeneza maelfu ya michanganyiko yenye klorini na bromini, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu kabla ya binadamu. Kwenye matope ya chini ya bahari na maziwa pamekuwapo daima wa kuzitua elektroni zao juu ya vitu hivyo. Viwanda vimewaongezea kazi kwa wingi na kwa maumbo ambayo mengine hawakuwahi kuyaona.

Habari ya kisayansi ilianza kukaa sawa mwaka 1982, pale James Tiedje na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walipochapisha kwamba matope ya ziwa na ya majitaka, yakinyimwa hewa, yanang'oa klorini kutoka kwenye klorobenzoeti, kemikali ya jamii ya dawa za magugu. Miaka miwili baadaye walimtenga mng'oaji mwenyewe, wakampa alama ya DCB-1. Ana umbo la kijiti na mkunjo mfano wa kola katikati ya mwili, na tangu mwaka 1990 anaitwa Desulfomonile tiedjei. Kilichonivutia mimi katika habari yake ni jinsi alivyokuwa akiishi kabla hajatengwa. DCB-1 anang'oa klorini na kuacha benzoeti, ambayo yeye haiwezi. Benzoeti inachukuliwa na bakteria wa pili, anayeivunja na kutoa asidi ya siki na hidrojeni. Huyu wa pili naye angekwama mara moja kama hidrojeni ingerundikana, maana kazi yake inalipa pale tu panapokuwa na mtu wa kuiondoa. Wanaoiondoa ni watengeneza methani, na DCB-1 mwenyewe, ambaye huihitaji hidrojeni ile ile ili ang'oe klorini inayofuata. Duara limefungwa: taka ya mmoja ni mtaji wa mwenzake, na mmoja akitoka wote wanalala njaa. Anayetaka kusafisha majitaka kwa njia hii asitafute bakteria shujaa wa kununua kwenye chupa. Atunze ujirani mzima.

Kisa kilichofundisha mengi zaidi ni cha tetrakloroethileni yenyewe. Ina klorini nne. Mwaka 1985, Timothy Vogel na Perry McCarty wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba tope la watengeneza methani linazing'oa moja baada ya nyingine: nne zinakuwa tatu, yaani trikloroethileni, tatu zinakuwa mbili, mbili zinakuwa moja. Hiyo yenye moja inaitwa vinaili kloridi, na hapo ndipo hofu ilipoingia. Vinaili kloridi ndiyo malighafi ya mabomba ya PVC, na tangu mwaka 1974, saratani adimu ya ini ilipobainika kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha plastiki mjini Louisville, Marekani, imejulikana kuwa ni chanzo cha saratani. Marekani inaruhusu mikrogramu 5 za tetrakloroethileni katika lita ya maji ya kunywa, lakini 2 tu za vinaili kloridi. Shirika la Afya Duniani limeshuka hadi 0.3. Bakteria waliofanya robo tatu ya kazi walikuwa wameiacha sumu ikiwa kali kuliko walivyoikuta. Ndipo wahandisi wengi wakasema: tope tuliache, litatuletea makubwa.

Jibu lilitoka Ithaca, mji mdogo wa jimbo la New York, kwenye tope la mtambo wa majitaka wa mji wenyewe. Mwaka 1989 David Freedman na James Gossett wa Chuo Kikuu cha Cornell walilifikisha tope hilo mwisho wa safari: klorini ya nne nayo ikang'oka, ikabaki etheni, gesi ile ile inayotolewa na ndizi zinapoiva. Ilichukua miaka mingine minane kumpata mfanyakazi. Mwaka 1997 kundi la Cornell lilimtangaza bakteria nambari 195, ambaye leo anaitwa Dehalococcoides mccartyi, jina lililothibitishwa mwaka 2013 kwa heshima ya McCarty.

Ni kiumbe mwenye masharti ya ajabu. Ni kisahani kidogo kisichoonekana vizuri kwa darubini ya shule, hana ule ukuta wa kawaida unaozizunguka seli za bakteria, na hewa humuua. Hali kitu kingine ila hidrojeni, huchukua kaboni yake kwenye asidi ya siki, na hana pengine pa kutulia elektroni ila kwenye vitu vyenye klorini na jamaa zake. Akikosa sumu, anakufa. Jenomu yake ilisomwa yote na kuchapishwa mwaka 2005: herufi kama milioni 1.5, chini ya theluthi moja ya ile ya bakteria wa kawaida wa tumboni, lakini ndani yake mna jeni zaidi ya kumi na tano za vimeng'enya vya kung'oa klorini. Kila kimeng'enya cha aina hiyo kina vitamini B12 moyoni, na katikati ya B12 kuna atomu ya kobalti, madini yale yale yanayochimbwa Kolwezi, kule Kongo. Kobalti ndiyo inayoshughulika na klorini. Na vitamini hiyo Dehalococcoides hawezi kujitengenezea. Anaomba kwa majirani. Kwa mara nyingine tunarudi kwenye ujirani.

Kuna jambo moja hapa ambalo nalitilia mkazo kwa sababu wauzaji wa teknolojia hulipita haraka. Bakteria 195 mwenyewe, aliyejipatia jina, haishi kwa vinaili kloridi. Huing'oa klorini hiyo ya mwisho polepole, kama anayefanya kazi bila malipo. Mwaka 2003 ndipo alipotangazwa ndugu yake, BAV1, kutoka mahali palipochafuliwa jimboni Michigan, ambaye anaivuta vinaili kloridi kama pumzi na kukua kwayo. Kwa sura na ukoo wanafanana mno. Tofauti iko kwenye jeni moja moja: wenye uwezo wa hatua ya mwisho wana vcrA au bvcA. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba kwenye tope lake wamo Dehalococcoides hajaambiwa kitu bado. Aulize kama jeni hizo zimo. Zikikosekana, anajenga kiwanda cha vinaili kloridi.

Kuwalisha nako kuna hesabu zake. Gramu 166 za tetrakloroethileni zinahitaji gramu 8 tu za hidrojeni ili klorini zote nne zitoke. Ni kidogo mno, na majitaka mengi ya viwandani yana chakula cha kutosha kuitoa. Shida ni ushindani. Ukimwaga molasi nyingi kwa mpigo, hidrojeni inafurika na watengeneza methani wanajaa, wanakula karibu yote. Dehalococcoides ana silaha moja: anaweza kuokota hidrojeni ikiwa adimu kiasi ambacho watengeneza methani hawawezi tena kufaidika. Kwa hiyo mlishaji mzuri ni yule anayenyunyiza, au anayetumia chakula kinachooza taratibu kama mafuta ya mboga, mabaki ya mimea, au asidi ya siagi iliyochacha. Pia kuna asidi. Zile gramu 166 zikivunjika zinaacha gramu 146 za asidi ya haidrokloriki. Katika majitaka mepesi haionekani, lakini karibu na chanzo chenye sumu nyingi inashusha pH chini ya 6 na bakteria wanaacha kazi. Tiba yake ni magadi.

Salfeti na naitreti nazo huleta ubishi, kwa kuwa wanaozitumia hunyang'anyana hidrojeni hiyo hiyo. Naitreti ikiwa nyingi, klorini haiguswi mpaka iishe.

Yote haya yamefanyiwa majaribio zaidi kwenye maji ya chini ya ardhi kuliko kwenye majitaka ya kiwanda, na si kwa bahati. Tetrakloroethileni ina uzito mara 1.6 ya maji, kwa hiyo ikimwagika huzama kupita udongo na maji mpaka ikae juu ya mwamba, na kuichota yote ni vigumu mno. Kwenye kambi ya jeshi ya Camp Lejeune, North Carolina, maji ya visima yaliyokuwa na sumu hizi yalinywewa na familia za askari tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, na sehemu ya sumu ilitoka kwa drai klina mmoja nje ya lango. Ni visa vya namna hii vilivyowatia wahandisi moyo wa kumrudia yule bakteria wa tope la Ithaca na kumshindilia ardhini pamoja na chakula chake. Huko Kanada, kundi la bakteria lililokuzwa kutoka udongo wa Ontario na kutunzwa Chuo Kikuu cha Toronto, linaloitwa KB-1, limekuwa likiuzwa kwa kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mto Hudson unatufundisha upande wa pili. Kati ya mwaka 1947 na 1977 viwanda viwili vya General Electric, kule Fort Edward na Hudson Falls, viliumwagia PCB kwa wingi, makadirio yakifika kilo 590,000. Mwaka 1987 watafiti wa kampuni yenyewe walichapisha katika jarida la Science kwamba PCB zilizokuwa kwenye matope ya mto zilikuwa zimepoteza klorini, na kwamba waliofanya kazi hiyo ni bakteria wasiotumia hewa. Ugunduzi ulikuwa wa kweli. Maabara ya Tiedje iliuthibitisha mwaka uliofuata. Lakini ukawa hoja ya kusema mto utajisafisha, uachwe. Ukweli ni kwamba PCB zina maumbo 209, na bakteria walikuwa wakipunguza klorini za pembeni na kuziacha zile zilizo karibu na kiungo cha katikati. Uzito wa sumu ulipungua kidogo tu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliamua mwaka 2002 kwamba matope yachimbwe, na uchimbaji ukafanyika tangu mwaka 2009 hadi 2015. Sitaki uchambuzi wangu utumike kwa namna ile. Kwamba maumbile yanaweza kazi fulani hakumwondolei aliyemwaga wajibu wa kuhakikisha kwamba kazi hiyo imefanyika, na imefika mwisho.

Sasa viwanda vyenyewe. Kiwanda cha karatasi kinachopausha kwa gesi ya klorini huondoa lignini, ile gundi ya kahawia ya mti, na lignini hiyo hutoka ikiwa imebandikwa klorini kila upande: klorofenoli kwa upande wa vipande vidogo, na vipande vikubwa vya rangi ya chai ya rangi vinavyokwenda na mto kilomita nyingi. Kule Webuye, magharibi mwa Kenya, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1974 na kusimama mwaka 2009 kilikuwa kikitoa majitaka yake kwenye mto Nzoia, ambao unaishia Ziwa Victoria. Watafiti walijaribu pale kuyapitisha majitaka hayo kwenye vitanda vya matete ili kupunguza fenoli kabla hayajaingia mtoni, kazi nzuri iliyohitaji kuendelezwa. Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilichukua njia fupi zaidi miaka ya 1990, baada ya dioksini, sumu kali yenye klorini, kugunduliwa kwenye majitaka ya karatasi: waliacha gesi ya klorini na kutumia klorini dioksidi au oksijeni. Njia hiyo ndiyo ya kwanza kufikiriwa popote. Sumu isiyotengenezwa haihitaji bakteria.

Kwa ile inayobaki, mtambo unaofaa umekuwapo tangu miaka ya 1970. Gatze Lettinga wa Wageningen, Uholanzi, aliona kwamba majitaka yakisukumwa polepole kutoka chini kwenda juu ndani ya tangi lisilo na hewa, bakteria hujiviringisha wenyewe wakawa chembe ngumu za milimita moja hadi tatu, kama punje za uwele. Punje hizo huzama, maji yanapita. Hapo fumbo kubwa lilipata jibu. Wang'oaji wa klorini huzaana taratibu, siku moja mbili au zaidi kwa kizazi, ilhali majitaka hukaa tangini kwa saa chache. Wangekuwa wanaelea, wangesombwa wote. Ndani ya punje wanadumu miezi, na majirani zao wote wamo humo humo, mtoa hidrojeni amebanana na mlaji wake. Mwaka 1996 watafiti wa Denmark walimwingiza kwenye punje za namna hiyo bakteria aliyetoka kwenye tope la majitaka la Copenhagen, Desulfitobacterium hafniense, na punje ambazo hazikuwa na uwezo wa kuvunja pentaklorofenoli, dawa ya kuhifadhi mbao, zikaupata na kuutunza. Hafnia ni jina la Kilatini la Copenhagen. Mji uliipa dunia bakteria kutoka kwenye choo chake.

Kwetu, tangi lisilo na hewa si kitu kigeni kabisa. Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yalianza kugeuzwa gesi na umeme mwishoni mwa muongo wa 2000, kwa ujirani ule ule wa bakteria niliousimulia. Na mabwawa ya majitaka ya miji yetu, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam na ya Ruai yanayopokea majitaka ya Nairobi, kwa kawaida ya usanifu wake huanza na bwawa lenye kina cha mita mbili hadi tano lisilo na hewa, kisha hufuatiwa na mabwawa mapana ya mita moja na nusu hivi, ya kijani, yenye mwani na jua. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya kinyesi. Lakini tazama mpangilio wenyewe: kwanza pasipo hewa, halafu penye hewa. Ndio mpangilio ambao michanganyiko ya klorini inauhitaji. Iliyojaa klorini hupungukiwa na klorini kwenye tope. Ile iliyobaki na moja au mbili, ikiwemo hata vinaili kloridi, sasa inaliwa na bakteria wanaotumia oksijeni, ambao kazi ya mwanzo wasingeiweza. Joto nalo ni letu. Kundi la Ontario hufanya kazi kwenye maji ya ardhini yenye nyuzi kumi na kidogo. Bwawa la pwani linashinda kwenye nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima, na hapo ndipo Dehalococcoides hukua vizuri zaidi.

Hata hivyo sishauri viwanda vifunguliwe milango vimwage mabwawani. Bwawa la mji huchanganya kila kitu: salfeti ya kiwanda kimoja, kromu ya kiwanda cha ngozi, sabuni, maji ya mvua, malori ya kunyonya vyoo yanayomwaga mzigo wake mchana kutwa. Sumu inayoingia humo inaingia ikiwa nyembamba mno kuwalisha wang'oaji na nene mno kuachwa. Mahali pake ni kwenye uzio wa kiwanda, kabla haijachanganyika, ndani ya tangi dogo lisilo na hewa lenye chakula cha kujulikana na magadi ya kutosha, likifuatwa na tangi dogo lenye hewa. Hapo sumu ina mwenyewe mmoja, na ukaguzi unafanyika kwake.

Ukaguzi ndio unaolegea. Kanuni za Kenya za 2006 hazikuishia kwenye BOD. Zilikuwa na orodha ndefu yenye baadhi ya kemikali hizi za klorini, na viwango vyake. Lakini kupima BOD kunahitaji chupa na kabati, na kupima tetrakloroethileni kunahitaji mashine ya kromatografia ya gesi, mtu aliyefundishwa, na gesi ya mtungi isiyokatika. Mkaguzi anayekwenda kiwandani na chupa ya mililita 300 anarudi na jibu la swali alilobeba.

Kuna chupa nyingine, ndogo, ya mililita 160, ambayo ningependa aibebe pia. Tope la bwawa la kwanza hutiwa humo mpaka nusu, gesi ya naitrojeni hupulizwa kufukuza hewa, kizibo kizito cha mpira hubanwa kwa pete ya alumini. Tone la rangi iitwayo resazurini huongezwa. Hewa ikiwamo maji huwa ya waridi, na tope likiimaliza hewa, waridi hufifia mpaka yabaki maji yasiyo na rangi. Kisha tetrakloroethileni kidogo huingizwa kwa sindano kupitia kizibo, na chupa hulazwa kichwa chini kwenye giza. Kila wiki sindano huchukua gesi kidogo kutoka juu ya maji, na mashine ya kromatografia huchora vilele kwenye karatasi. Cha tetrakloroethileni kikishuka huku cha etheni kikipanda, wahusika wote wamo tayari kwenye tope hilo, na kiwanda kina pa kuanzia. Vikisimama kwenye vinaili kloridi kwa miezi, hakuna kemikali ya aina hiyo inayopaswa kufika kwenye bwawa hilo hata kidogo, mpaka wenye vcrA waletwe na waonekane wanaishi.